Kafyu na Moto Uliovumbikwa

Hotuba mbele ya wanafunzi wa ukalimani na watangazaji wa redio, Mombasa, Siku ya Kiswahili Duniani

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, watangazaji wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao leo ndio wenye shughuli, salaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie neno moja tu. Darasa lenu muhula huu linasoma maneno ya mkopo, na mwalimu wenu alitaka neno la Kifaransa lililohamia Kiingereza, akaniachia nichague mwenyewe. Sikuhangaika. Neno hili nimelisoma redioni usiku baada ya usiku kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na hadi leo nikilisikia nageuka kutazama saa. Neno lenyewe ni kafyu.

Nianze na simu. Ilikuwa Aprili 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza hapa Kenya, tarehe 27 Machi. Kipindi chetu cha jioni kilipokea simu za wasikilizaji, na mama mmoja muuza mahamri, wa Kisauni, akapiga. Akaniambia: "Mwanangu, hii kafyu yenu inaisha saa kumi na moja alfajiri. Mimi mafuta yangu huwa motoni toka saa kumi. Na jiko langu liko kibarazani. Sitoki kwenda popote, nawasha moto tu hapo mlangoni pangu. Ni makosa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza, na kweli niliuliza, lakini kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Kesho yake yule mama akapiga tena, sauti imechangamka. "Usijisumbue, mwanangu. Nimepata njia. Usiku nauvumbika. Nafunika makaa kwa jivu zito, na saa kumi na moja ikigonga nayafukua, napepea mara tatu, karai linapanda. Sichelewi sana."

Nauvumbika. Nilikuwa sijalisikia neno hilo likitumika kwa moto tangu utotoni. Siku hizi tunavumbika ndizi zipate kuiva, basi. Usiku ule nikiwa nimefungiwa nyumbani kama wenzangu wote, niliweka kamusi mbili mezani, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Katika ya kwanza nikatafuta vumbika. Katika ya pili nikatafuta neno lililokuwa limenifungia ndani. Na yote mawili yakanipeleka jikoni, kwenye jivu.

Waingereza wanaandika curfew. Walilipata kwa Wanormani, wale waliovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066 wakaiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo mahakama na ikulu zikawa zinasema Kifaransa. Katika Kifaransa cha zamani lilikuwa covrefeu, na leo Wafaransa wanaandika couvre-feu. Ni maneno mawili yaliyogandana. Couvre ni funika. Feu ni moto. Funika moto. Ni amri ya mtu kuambiwa usiku umeingia, moto ufunikwe.

Sasa sikilizeni vizuri mnapotamka neno letu. Ka-fyu. Lile "ka" ndilo lililobaki la kufunika, na ile "fyu" ya mwisho ndiyo moto wenyewe, umesinyaa safari nzima kutoka midomo ya Warumi hadi yetu, lakini upo. Na huko Rumi ulikotoka ulikuwa bado haujaitwa moto. Kilatini kilisema focus, maana yake meko, mahali pa mafiga. Watu wakazoea kutaja meko wakikusudia moto, mpaka feu ya Kifaransa na fuego ya Kihispania zikawa na maana ya moto tu. Mwaka 1604 mnajimu Johannes Kepler akalichukua lile lile la Kilatini kutaja nukta ambapo miale ya mwanga hukutana. Kwa hiyo mpiga picha wa harusi anayewaambia "subirini niweke fokasi" na askari anayewafukuza kwa sababu ya kafyu wanatoka jiko moja.

Na kufunika nako kuna ndugu. Wafaransa walikuwa na couvrechef, funika kichwa, na Waingereza wakaifanya kerchief, kitambaa cha kichwani, kisha wakaiongezea hand, yaani mkono, mbele wakapata handkerchief, kitambaa cha mfukoni. Nawaambia hili kwa sababu liko karibu nasi: leso zetu nasi tulizipata kwa mtindo huo huo, kwa Wareno, waliokuwa wakisema lenço wakimaanisha kitambaa kidogo. Wao wakaondoka, neno likabaki, mama zetu wakalipanua mpaka likafunika mwili mzima. Neno la mkopo halirudi kwao kama lilivyotoka.

Turudi kwenye moto. Kwa nini mji mzima uamriwe kufunika moto? Nyumba za Ulaya ya wakati ule zilikuwa za mbao, na paa za nyasi au majani makavu. Nyumba nyingi hazikuwa na dohani. Moto ulikuwa katikati ya sakafu, moshi ukitafuta njia darini. Watu wakilala na moto uko wazi, cheche moja inatosha. Basi kengele ikapigwa usiku, saa mbili mahali pengine, saa tatu pengine, na kila mwenye nyumba akajua wakati umefika. Kulikuwa hata na chombo cha kazi hiyo, kifuniko cha udongo au cha shaba chenye mkono wa kushikia, umbo lake kama kengele iliyopasuliwa kati. Makaa yanakusanywa pamoja, jivu linamwagwa juu, kifuniko kinawekwa. Na chombo hicho nacho kiliitwa curfew. Kengele, saa yake, na kifuniko, vyote jina moja.

Wanafunzi wangu, hapa ndipo nataka mkae nami kidogo. Amri haikusema zima moto. Ilisema funika. Wakati ule hapakuwa na kibiriti. Moto ukizimika, asubuhi una kazi ya kugonga jiwe na chuma, au kwenda kwa jirani kuomba. Aliyefunika moto alikuwa analinda vitu viwili kwa pamoja: nyumba isiungue usiku, na kaa lisife kabla ya asubuhi.

Sikuhitaji kamusi kuelewa hilo. Niliona kwa macho yangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Msambweni, nyumba ya makuti, jiko la mafiga matatu uani. Baada ya kula alichomoa kuni moja moja, akazigonga ncha zake chini mpaka zikaacha kufuka, akaziegemeza ukutani. Kisha akachagua kaa. Hakuchukua lolote. Alilitaka kaa nene la mvinje, lililoiva mpaka ndani, lisilo na moshi. Akalichimbia kishimo katikati ya jivu la moto, akalilaza, akaliwekea mawili madogo ubavuni, akavuta jivu kwa kigae cha mtungi uliovunjika, polepole, mpaka kukawa na kichuguu cheupe. Na kile kigae akakifunika juu. Nilikuwa nikiweka kiganja changu karibu kusikia joto, na yeye akinipiga kofi dogo la mkono: "Wacha lilale." Alfajiri, kabla ya muadhini, nilimsikia akilifukua. Makumbi makavu kidogo, pumzi tatu nne, na moto huo hapo. Watoto wa jirani ambao wao moto wao ulikufa walikuja na kigae mkononi, wakaondoka na kaa.

Hiyo ndiyo couvre-feu. Kigae cha bibi yangu na kifuniko cha shaba cha mjini Ufaransa vilikuwa na kazi moja, na Kiswahili kilikuwa na neno lake, kuvumbika moto, kabla hatujaletewa kafyu na mtu yeyote. Wanaosema lugha yetu haina neno kwa jambo hili wamesahau kwenda uani.

Kuhusu Uingereza, masimulizi yao yanamtaja mfalme William aliyewateka kuwa ndiye aliyewalazimisha kengele ya kufunika moto, na wapo wanaosema kengele za namna hiyo zilikuwapo kabla yake. Mimi naona ule ubishi wenyewe una la kutufundisha: waliotekwa waliikumbuka kengele kama amri ya mgeni. Watu wakikatazwa kukesha pamoja kuota moto, hawapangi njama pia. Mtawala haraka sana aliona faida hiyo ya pili. Malango ya mji yakafungwa kwa kengele ile ile, vilabu vya pombe vikafungwa, na aliyekutwa njiani baada yake akaulizwa anakokwenda. Hivyo ndivyo neno lilivyotoka kwenye meko likahamia barabarani.

Lakini hatari ya moto haikuwa hadithi. London mwaka 1666, usiku wa kuamkia Septemba 2, moto ulianza kwenye tanuri la mwoka mikate mmoja, Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Yeye alishikilia kwamba alikagua tanuri lake kabla ya kulala. Moto uliwaka siku nne, ukala nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87 ya mitaa.

Kengele zenyewe zilidumu kuliko sababu yake. Thomas Gray alipochapisha shairi lake la makaburini mwaka 1751, alilifungua kwa kengele ya kafyu ikiaga mchana, na wasomaji wake walijua sauti anayoisema. Na mpaka leo Oxford, katika chuo cha Christ Church, kengele kubwa waiitayo Great Tom hupigwa kila usiku mara 101, saa tatu na dakika tano. Dakika tano hizo ni kwa sababu Oxford iko magharibi ya Greenwich, na saa ya jua ya hapo iko nyuma dakika tano. Kengele bado inafuata jua la mji wake.

Matumizi ya leo katika Kiingereza mengi mnayajua. Mzazi anamwekea binti yake curfew ya saa nne. Mfungwa anaachiwa mapema avae bangili ya elektroniki mguuni na abaki nyumbani usiku, nayo Uingereza wanaiita curfew, tangu 1999. Uwanja wa ndege wa Sydney una sheria yake ya curfew ya 1995: ndege hazitui wala kuruka ovyo kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, majirani wapate usingizi. Mtaona kwamba katika yote hayo moto umeshatoka. Imebaki saa, na katazo.

Na katazo likiachwa peke yake, linatafuta mtu wa kumkataza. Angalieni neno hili lilivyotumika katika karne iliyopita, maana mkalimani asiyejua neno limekwenda wapi atalibeba bila kuhisi uzito wake.

Marekani, 1942, vita na Japani vimepamba moto. Watu wa pwani ya magharibi wenye asili ya Japani, raia na wasio raia, waliamriwa kuwa majumbani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kulikuwa na mwanafunzi mjini Seattle, Gordon Hirabayashi, mzaliwa wa Marekani, aliyekuwa akisoma maktaba na wenzake. Ikikaribia saa mbili, wenzake walibaki na vitabu vyao, yeye akakimbia. Siku moja akajiuliza kwa nini akimbie yeye tu, akaacha kukimbia. Mahakama ya Juu mwaka 1943 ikasema amri ile ilikuwa halali. Hatia yake Hirabayashi ilifutwa 1987. Hesabuni wenyewe miaka.

Na Ufaransa, nyumbani kwa neno lenyewe: Oktoba 1961, katikati ya vita vya Algeria, mkuu wa polisi wa Paris, Maurice Papon, aliwatolea Waalgeria Waislamu peke yao couvre-feu ya saa mbili na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tarehe 17 Oktoba waliandamana kuipinga, na familia zao, wamevaa nguo nzuri. Polisi wakawapiga na kuwaua, wengine wakatupwa mto Seine. Katika lugha ambayo kila msemaji anasikia waziwazi "funika moto", maneno hayo mawili yalitumika siku ile kwa kazi hiyo.

Kwetu nako neno halikuingia kwa upole. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, na vijiji vilivyokuwa vikiadhibiwa vilifungiwa watu majumbani mpaka saa 23 kwa siku. Saa moja ya kuchota maji, kutafuta kuni, kufika shambani. Wazee wa bara wakisema kafyu mpaka leo, wanasema jambo ambalo kijana wa 2020 hakuliona hata akilalamika vipi. Kafyu ikarudi Nairobi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982.

Ikaja Lamu. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, makumi ya watu wakauawa, na Julai kaunti nzima ikawekewa kafyu ya saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikawa inaongezwa muda. Ilikuwa Ramadhani. Futari na tarawehe zikawa za nyumbani. Na wavuvi! Wengine hapa ni watoto wa wavuvi, mnajua: kuna samaki wa mchana na kuna samaki wa usiku, na maji yakijaa saa nane za usiku hayasubiri asubuhi. Sikatai kwamba watu walihitaji kulindwa. Nasema aliyeandika ile amri alihesabu saa tu. Hakuhesabu kaa ambalo lazima liwe hai asubuhi.

Lamu inanirudisha kwa yule mama wa mahamri, kwa sababu swali lake lilikuwa la lugha. Sheria yetu ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 8, inasema wakati wa kafyu kila mtu abaki ndani, isipokuwa mwenye kibali cha maandishi. Ndani. Kiingereza kina mlango: upande huu nje, upande ule ndani. Nyumba yetu je? Kuna baraza, kuna kibaraza, kuna ukumbi, kuna ua, kuna roshani. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka nje ya mlango, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani uwanja wa wazi unaoona mbingu, kisha misana, kumbi ndefu za kukaa, na chumba cha ndani kabisa ndicho wanachokiita ndani. Jina lake hasa ni ndani! Mwambieni mtu wa Lamu "baki ndani" uone amekwenda chumba gani.

Mnaweza kudhani nacheza na maneno. Tarehe 30 Machi 2020, siku tatu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi mtaani Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mama yake na ndugu zake walikuwa pale. Hakuwa njiani. Siku ya kwanza yenyewe ya kafyu, kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakisubiri feri warudi majumbani, yaani wakijaribu kutii, walirushiwa mabomu ya machozi saa mbili kabla ya amri kuanza. Mahakama Kuu mwezi Aprili ilisema kafyu yenyewe ilikuwa halali, na nguvu ile iliyotumika juu ya watu ilikuwa kinyume cha katiba. Ninawakumbusha haya kwa moyo mzito, kwa sababu sisi watangazaji tulikuwa tumetamka "kafyu saa moja" mara mia siku hiyo na hatukutamka, hata mara moja, kwamba roshani yako ni nyumbani kwako.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa, tarehe ile ile ya Hali ya Hatari ya 1952. Waganda walikaa nayo mpaka Januari 2022.

Sasa niingie kwenye kazi yenu. Neno hili mtalifasiri vipi?

Wenzetu wa Goma na Bukavu hawana tatizo letu. Desemba 2020 Kongo ilipotangaza amri ya saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Kiswahili chao walitaja couvre-feu kwa Kifaransa chake, moja kwa moja, bila kupitia London. Neno moja limefika kwa Waswahili kwa milango miwili, na Mkongomani akikutana na Mkenya, mmoja akasema couvre-feu na mwingine kafyu, hawajui kwamba wanataja kitu kimoja. Mkalimani wa mikutano ya kanda anatakiwa ajue.

Tanzania wanapendelea amri ya kutotoka nje. Naipenda, inajieleza. Mzee wa kijijini ambaye hajapata kusikia kafyu anaelewa papo hapo. Ila ni ndefu kwa kichwa cha habari, na ina kasoro ile ile ya "nje" ni wapi. Kafyu ni fupi, inakaa vizuri kinywani, ina ngeli yake, tunasema kafyu hii imeongezwa, kafyu zile za zamani. Mimi siifukuzi. Imeshakuwa yetu kama leso. Ninachowasihi ni kwamba msiitoe peke yake. Kafyu bila maelezo ni king'ora tu.

Na saa, jamani, saa! Niliwahi kuona tangazo limebandikwa ukutani, sitasema ni la ofisi gani, mtu amechukua saa za Kiingereza akaziandika kwa Kiswahili kama zilivyo: "kafyu ni kuanzia saa saba usiku hadi saa tano." Kwa Mswahili hiyo ni saa moja baada ya usiku wa manane mpaka saa tano ya asubuhi, jua limepanda. Mtu aliyelifuata angetembea saa sita nzima akiamini yuko salama. Nilisimama pale na kalamu nikasahihisha kwa mkono wangu, nikiwa natetemeka kwa hasira. Mfasiri ambaye hakuhamisha saa hajafasiri kitu.

Vumbika je? Nimeulizwa kama napendekeza tuseme "uvumbikaji" badala ya kafyu. La. Mkilazimisha, watu watacheka, na watakuwa na haki. Nimelileta neno hili leo kwa sababu linawapa swali la kumuuliza afisa anapowapa karatasi ya Kiingereza aseme "fasiri haraka, inakwenda hewani". Muulizeni: kaa liko wapi? Nani lazima aendelee usiku huu ili asubuhi iwepo? Mkunga, mvuvi, dereva wa gari la wagonjwa, mama aliyeshikwa na uchungu, mwenye tanuri la mikate. Mkipata jibu, liandikeni kwenye tangazo. Msipopata, ulizeni tena, na tangazo lisubiri dakika mbili.

Nimeandika moja, ambalo natamani ningelisoma mwaka 2020. Nitalisoma, kisha mnipe maswali yenu.

"Habari za jioni. Kuna kafyu, yaani amri ya kutotembea usiku, katika kaunti ya Mombasa kuanzia leo. Inaanza saa moja ya usiku, baada tu ya magharibi, na inaisha saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa kwenye kibaraza chako, ua wako au roshani yako, uko nyumbani. Ukiwa umechelewa feri, uko njiani kurudi. Mwambie askari hivyo, na askari anatakiwa akuache upite. Mwenye mgonjwa au mjamzito asingoje asubuhi, atoke. Wavuvi wa usiku, vibali vyenu vinatolewa bandarini bila malipo. Na kina mama wa mahamri, washeni majiko yenu."